Mabaki ya Franka Mia Mbili

Je, kunaweza kuwapo wizi usio na mwizi? Wahubiri wetu wamezoea kumtafuta mkosaji kwanza, kosa baadaye. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kuhesabu pesa, na huko mambo huja kinyume: kosa liko mezani, kila mtu analiona, na mkosaji hayupo. Hakuna aliyeiba. Hesabu imefanywa sawasawa. Lakini pesa ya mtu haipo.

Swali hilo lilikomaa kichwani mwangu katika ua wa nyumba moja ya Mudzi Pela, hapa Bunia, siku kikundi cha akina mama kilipofunga mzunguko wake wa akiba. Wako ishirini na saba. Wanauza samaki wa Ziwa Albert, wale wanaopandishwa kutoka Tchomia na Kasenyi. Baadhi yao walikimbia vita huko Djugu na bado wanalala kambini Kigonze. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Mimi niliwaandikia programu ndogo ya simu, ili daftari likilowa mvua au likipotea safarini, hesabu isipotee nalo.

Kila mmoja alikwisha kurudishiwa akiba yake. Ilibaki faida ya mikopo, franka 200.000, na walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kuigawana sawa kwa sawa. (Kwetu Kongo nukta hutenga maelfu na mkato hutenga sehemu, nitalirudia jambo hili.) Nikabonyeza. Kioo kikaandika 7.407,41 FC kwa kila mwanachama. Mweka sanduku, mama wa makamo ambaye shule aliiacha mapema ila chenji haimpiti, akavuta kikokotoo chake cha sokoni na kuzidisha kurudi nyuma.

“Madamu,” akaniambia, “mashini yako inatuahidi laki mbili na santimu saba. Hizo santimu saba zinatoka wapi?”

Alikuwa na haki. Gawio la kweli ni 7.407,407407 na kuendelea, tarakimu hizo tatu zikijirudia bila kikomo. Programu hukata penye tarakimu ya pili baada ya mkato na kuipandisha, kwa hiyo kila mwanamke anaongezewa kipande kidogo kuliko santimu moja. Ukivikusanya vipande vyote ishirini na saba unapata santimu saba ambazo hazimo sandukuni, wala hazimo Bunia nzima.

Na santimu zenyewe zimebaki za maandishi tu. Katika ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, franka yetu, CDF, bado ina tarakimu mbili baada ya mkato, ilhali shilingi ya Uganda haina hata moja. Mwaka 1998 Benki Kuu ilitoa noti za santimu kabisa, na ile ya santimu 50 ilichorwa okapi, mnyama wa misitu yetu hii ya Ituri. Watoto ninaowafundisha hawajawahi kuishika. Sokoni kwetu noti ndogo inayopita bila ubishi ni ya franka 100. Basi tukashuka hadi kwenye mia: 7.400 kwa kila mmoja, jumla 199.800. Juu ya mkeka zikabaki noti mbili za mia mia.

Ni pesa ndogo, ya kununulia chumvi ile inayofungwa kwenye kijifuko. Hata hivyo ua wote ulinyamaza, kisha ukaanza kusema kwa pamoja. Mmoja akataka nipewe mimi kwa jasho langu. Mwingine akasema zipelekwe kwenye sadaka ya Jumapili, kwa kuwa kisichogawika ni cha Mungu. Ndipo mama mmoja Mwislamu, ambaye kwa kawaida husema machache, akauliza: “Cha Mungu namna gani? Mungu alikopa kwetu? Ni yetu. Mukitaka kuitoa, mutuulize mumoja mumoja.”

Sijasikia mahubiri yaliyonitikisa kuliko maneno hayo.

Mambo ya Walawi 19 ni sura ambayo wafanyabiashara Wakristo huipenda kwa ajili ya mwisho wake, pale, katika aya ya 35 na ya 36, Mungu anapoagiza mizani ya haki, mawe ya haki na vipimo vya haki. Wachache hukumbuka kwamba sura hiyo hiyo, katika aya ya 9 na ya 10, inamwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, wala asiokote yaliyoanguka, bali ayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Mungu mmoja, sura moja: hapa pima kwa ukamili, pale acha mabaki. Kwa muda mrefu niliziona amri hizi mbili kama zinavutana. Sasa naona zinashikana, na kinachozishikanisha ni swali la yule mama. Mwenye shamba anaacha pembe za shamba lake mwenyewe. Mwenye mizani anashughulika na mali ya mwenzake, na huko hana pembe ya kuacha. Ukarimu ni haki ya mwenye mali. Anayehesabu mali ya wengine amepewa usahihi tu, na akianza kuwa mkarimu kwa santimu zao, hata kwa kuzitoa sadaka, amejifanya mwenye shamba.

Ndiyo maana wazo la kupeleka zile noti kanisani lilinikera, ingawa mimi ni mtu wa kanisa na sadaka naitoa kwa furaha. Tusimpe Mungu kitu kwa sababu tu tumeshindwa kukigawa.

Akina mama waliulizwa mmoja mmoja, na wote wakaafiki franka 200 ziingie kwenye mfuko wa kusaidiana, ule wa misiba na uzazi. Mweka sanduku akataka liandikwe. Nikaongeza mstari kwenye programu: Mabaki, 200 FC, kwa ridhaa ya wanachama 27.

Najua hoja iliyo kinyume na yangu, na si hoja ya wajinga. Mtakatifu Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliigusa katika swali la 77 la nusu ya pili ya sehemu ya pili ya Summa yake, anapochunguza kama ni halali kuuza kitu kuliko thamani yake. Anakubali kwamba bei ya haki haina nukta moja iliyopigiliwa; ni makadirio, na ukiongeza kidogo au ukipunguza kidogo hujaharibu usawa. Nalipenda jibu hilo. Linamwokoa muuzaji mwaminifu asiishi kwa hofu, na linamkumbusha kila mtu kwamba soko ni la binadamu. Bila kiasi fulani cha “haidhuru” hakuna anayeweza kununua hata nyanya.

Lakini Thomas alikuwa akiwaza watu wawili wanaotazamana. Muuzaji akikaza leo, kesho mnunuzi atamshusha. Kidogo huenda huku na kidogo hurudi kule, na kati yao kuna maneno, kuna uso, kuna uwezekano wa kusema “yaya, niongezee”. Programu haiombwi nyongeza. Ukiiambia ikate chini, inakata chini kwa kila mtu, mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, na mkono unaopokea mabaki ni ule ule. Kidogo cha Thomas hakina mwelekeo. Kidogo cha programu kina mwelekeo, na mwelekeo huo kuna mtu aliyeuchagua, hata kama aliuchagua kwa kutofikiri.

Wahandisi wenyewe waliliona hili. Kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985 na inayoongoza hesabu za sehemu ndani ya karibu kila kompyuta, imeweka kama desturi kwamba nusu kamili isipande daima wala isishuke daima, bali iende kwenye namba shufwa iliyo karibu. 2,5 inakuwa 2. 3,5 inakuwa 4. Mara anapoteza huyu, mara yule. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya watu wenye hofu njema: walikaa chini wakatafuta namna ya kukadiria isiyompendelea yeyote.

Wanafunzi wangu nawafundisha pia kwamba pesa haihifadhiwi kwa hesabu hizo za sehemu. Kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na sehemu ya kumi haiingii kamili katika mbili, kama vile theluthi isivyoingia kamili katika kumi. Jumlisha 0,1 na 0,2 kwa hesabu hiyo, utapata 0,30000000000000004. Hivyo mwenye busara huhifadhi santimu nzima nzima, kwa namba kamili, na mkato anauweka wakati wa kuonyesha tu. Hapo vijana hudhani somo limekwisha, kwamba kilichohifadhiwa ndicho kweli na kinachoonyeshwa ni mapambo. Siwaachi waamini hivyo. Mwanamke wa Kigonze haoni kilichohifadhiwa. Anaona kioo na karatasi. Kwake yeye kinachoonyeshwa ndiyo ahadi, na ahadi ya 7.407,41 ilikuwa ahadi isiyolipika.

Kuonyesha kuna mitego mingine. Programu nyingi duniani huchota desturi za kila nchi kutoka hazina ya Unicode iitwayo CLDR, na humo Kiswahili cha Kongo kimewekwa kando ya kile cha Kenya na Tanzania. Kwa desturi ya huku, elfu mbili na mia tano huandikwa 2.500. Kwa desturi ya Nairobi huandikwa 2,500. Lugha ni ileile. Sasa fikiria barabara ya Mahagi, ambako dola, franka na shilingi ya Uganda hupita mikononi mwa mtu mmoja asubuhi moja. Binadamu akiona 1,500 kwenye hati ya mzigo uliotoka Kampala huelewa kwa kutazama mzigo. Programu inayosoma faili haina mzigo wa kutazama. Itaandika dola moja na nusu, na haitashtuka.

Zaidi ya hapo, watu wengi huku huandika namba bila jina la sarafu. Ubao dukani unasema 5, na mteja anajua ni dola kwa kuwa anaijua bidhaa; unasema 5.000, anajua ni franka. Mdomoni hilo linatosha. Katika hesabu itakayosomwa na mtu mwingine, mwaka mwingine, mimi naiita namba ya namna hiyo ushahidi uliokatwa ulimi, na siipokei kwenye programu yangu. FC, USD au UGX lazima iandikwe, kila mstari.

Wakongo tumekatwa kwa kisu kikubwa kuliko hiki cha programu. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 zikawa zaire mpya moja. Tarehe 30 Juni 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka moja. Zidisha: franka moja ya 1998 ilibeba zaire 300.000.000.000 za kwanza. Mfumuko wa bei ndio ulioila akiba ya wazee wetu, na si haki kuulaumu mkato kwa kazi ya mfumuko. Lakini tazama kile ambacho maandishi hufanya baadaye. Mtu aliyekuwa na zaire bilioni moja za zamani, kwa uwiano huo, ana theluthi ya santimu. Kioo cha tarakimu mbili kitamwandikia 0,00. Mtu ambaye hakuweka akiba hata siku moja naye ataandikiwa 0,00. Sifuri hizo mbili zinafanana kabisa machoni, na ndani yake moja ina maisha ya kazi na nyingine haina kitu.

Kwa sababu hiyo siwezi kuisoma Marko 12 kama zamani. Yesu ameketi kuelekea sanduku la hazina, anatazama jinsi watu wanavyotoa. Matajiri wanatia vingi. Anakuja mjane na sarafu mbili, ndogo kuliko zote zilizokuwa zikitumika, na Marko anajisumbua kueleza thamani yake kwa sarafu ya Kirumi, ili msomaji wa mbali asikose kuelewa ni kiasi gani. Mwinjili amefanya kazi ninayoifanya mimi: amekihifadhi kiasi, amekitaja kwa jina, amekibadilisha kwa msomaji bila kukipoteza. Programu inayokata kila kilicho chini ya mia ingemwandikia mjane yule sifuri, na habari yake isingetufikia. Sisemi Injili ni kitabu cha hesabu. Nasema kwamba Bwana alichagua kutazama mahali pale ambapo hesabu zetu huacha kutazama.

Mnamo 2024, dola ilipokuwa ikibadilishwa kwa karibu franka 2.800, mtu aliyekuwa na dola 3,47 kwenye simu yake alikuwa na senti 47 ambazo hakuna mahali Bunia angezishika, kwa maana sarafu za Marekani hazipiti huku. Hupewa franka. Senti 47 kwa bei hiyo ni franka 1.316, atapewa 1.300. Zile 16 hubaki. Si kosa la wakala, hana noti ya 16. Swali langu liko kwingine: ada ya kutoa pesa nayo ikiwa na kipande, kipande hicho hukatwa au hupandishwa? Nimesoma hesabu za mfumo mmoja, ambao sitautaja, na humo malipo kwa mteja yalikatwa chini na ada kutoka kwa mteja ilipandishwa juu. Kila kanuni peke yake ilikuwa na maelezo mazuri. Ukiziweka pamoja, zote mbili zinatazama mfuko mmoja.

Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inafunguka kwa ole juu ya watu wa namna hiyo hasa, ambao kipimo chao hubadilika kwa kutegemea nani anayepokea. Ilishuka katika ulimwengu wa vibaba na mizani ya mkononi, na wanunuzi wa dhahabu wa Ituri wanaielewa bila mfasiri. Kwenye machimbo ya upande wa Mongbwalu bado unakuta mizani midogo inayopimia kwa vijiti vya kiberiti na sarafu kuukuu badala ya mawe yaliyothibitishwa, kabla ya dhahabu kufika kwa wakubwa wanaohesabu kwa tola, gramu 11,66. Mchimbaji anakitazama kijiti kile. Anaweza kukikataa, anaweza kusema kimelowa, anaweza kwenda kwa mnunuzi wa jirani. Mkato ulio ndani ya programu hawezi kuukataa, kwa kuwa hajui kama upo.

Basi, kunaweza kuwapo wizi usio na mwizi? Nimefika hapa: wizi huo unapewa mwizi siku ile mtu anapoujua na kuuacha. Kabla ya hapo ni upungufu wa ulimwengu tulioumbiwa, ambamo laki mbili haigawiki kwa ishirini na saba, na hakuna toba inayoweza kuigawa. Mungu hatudai tugawe kisichogawika. Anatudai tuseme kimebaki kiasi gani, ni cha nani, na nani ameridhia kiende wapi. Mwandishi wa programu hana kisingizio cha kutojua, kwa maana yeye ndiye aliyeandika ule mstari unaokata.

Kwenu vijana wa vyuo vyetu vya Bunia, mnaoanza kupewa kazi za kuandikia maduka, vikundi vya akiba, shule na makanisa programu za pesa: hifadhini santimu nzima. Tajeni sarafu kwenye kila namba. Mkikata, kateni kwa kanuni moja, iwe mnalipa au mnapokea. Kisha wekeni mstari wa mabaki, na uchapwe kwenye karatasi ileile anayopewa mwanachama, si kwenye ripoti ya ofisi peke yake. Ni nusu saa ya kazi. Mwenye kikundi akikuambia mstari huo unachafua ukurasa, muulize kwa adabu mabaki hayo huwa yanakwenda wapi, na usimkabidhi programu mpaka akujibu.